Mche wa Nyongeza

Mlangoni mwa kitalu naandika bei kwa mkaa:
mchicha, fungu mia tatu;
nyanya za hapa hapa Ipuli,
jana zililala shambani, hazijui lori.

Mteja ananyanyua jani la sukuma, analitazama juani.
"Mama Kalunde, lina matundu."
Lina matundu, ndiyo.
Mdudu kaonja kabla yako, na kaondoka kwa miguu yake.
Mimi hunyunyiza mwarobaini, majivu,
na mkojo wa mbuzi uliokaa siku kumi na nne.
Usikunje uso:
harufu inabaki kwangu, wewe unabeba mboga.

Saa tano anafika Mihayo na kirikuu, kutoka njia ya Urambo,
vidole vimekuwa kahawia kwa tumbaku.
Anataka miche mia mbili, ile ikuayo upesi.
"Ya kuni?"
"Ya kuni. Bani halingoji."
Nahesabu viriba, pakiti za maziwa nilizookota sokoni.
Analipia mia na sitini.
Arobaini ni deni, hadi tumbaku iuzwe.

Ndipo namwongezea mmoja: mninga.
Mbegu yake niliipasua kwa nyundo;
miaka miwili kivulini, bado haujanifika gotini.

"Huu bei gani?"
Huu hauuzwi.
"Unakomaa lini?"
Mimi na wewe tutakuwa tumeshazikwa.

Anacheka. Anaugeuza, anaunusa udongo wake.
Nyuma, na wenzake, hauweki.
Anaupakata mbele,
anaendesha kwa mkono mmoja.