Mkato wa Mwisho

Mimi Jabez Pellow, mpanga herufi, Clerkenwell.
Miaka ishirini na sita nimemsoma kichwa chini miguu juu,
risasi moja moja, kucha zangu nyeusi,
na uso wake sikupata kuuona.

Muswada ulifika kwa treni ya usiku kutoka Halifax,
umefungwa kwa uzi wa sufu, ule wa kijivu wa viwandani kwao,
na juu yake jina: Bwana Ambrose Thornaby.
Wenzangu wakasema, bwana huyu ana kalamu kali.
Nikanyamaza. Bwana gani ajuaye
bei ya nusu mshumaa,
na jinsi magadi yanavyochubua vifundo vya vidole?

Dawa ya deni kulipa, na mumewe alimwachia deni.
Kila mwaka juzuu tatu,
maana maktaba za kukodisha hazikutaka mbili.
Akairefusha hadithi kama supu wageni wakizidi:
akaongeza maji, akaongeza shangazi,
wosia uliopotea, mchungaji mwenye kikohozi.
Kisha, humo humo majini, mnofu:
msichana wa kiwandani anahesabu vidole vyake, anaishia tisa.
Nilikuwa nimeshika herufi. Mkono ukagoma kuiweka.

Mengine nilielezwa na mwandiko.
Machi moja mistari ilipanda mlima:
aliandika kitandani.
Mwaka wa homa nyekundu zilikuja sura kumi na moja
zisizo na mtoto hata mmoja,
naye hakuwahi kumaliza sura
bila mtoto kuporomoka ngazini na kuchekwa.
Watu hupenda kusema karatasi zililowa machozi.
Mimi niliona nta, doa la chai,
na neno "kesho" limekatwa mara nne.

Magazeti yakamsifu Ambrose kwa akili ya kiume.
Siri ilipovuja, kwamba ni Keziah, mjane, mpangaji wa chumba cha juu,
magazeti yale yale yakagundua
kuwa sarufi yake ina kasoro.
Malipo yakapungua.
Yeye akaandika. Herufi zikawa kubwa, kubwa zaidi,
mistari minane kwa ukurasa, halafu mitano:
macho yalikuwa yanamwaga.

Furushi la mwisho lilikuja na uzi ule ule,
fundo limefungwa na mkono mwingine.
Sura ya thelathini na nane, chini kabisa:
akafungua mlango, akaona theluji imekoma,
na baada ya mkato, weupe.

Msimamizi akaja na miwani yake na saa yake.
Weka nukta, Pellow. Wasomaji wamelipia mwisho.
Nikajibu, ndiyo, bwana.

Katika sanduku la herufi
nukta na mkato hukaa vijumba jirani.
Taa yetu ilikuwa hafifu, na mimi
ni mzee.