Sikio la Kulia

Nsajigwa alikuja Gerezani saa nne asubuhi
na bunduki ndani ya gunia la pumba,
na kibali chenye mihuri mitatu,
na malalamiko ya majirani, ambayo hayakuhitaji mhuri.

"Fundi," alisema. Nilimsoma midomo,
jirani yangu alikuwa anagonga masufuria.
"Kunguru wa Chanika wananimalizia vifaranga.
Nikifyatua moja tu, mtaa wote unaamka:
mtoto wa Mama Sekela analia, mbuzi wanakata kamba,
mjumbe ananiandikia barua.
Nataka kelele ife. Bunduki ibaki."

Ilikuwa ya wenzo, ya mtindo wa kale,
ile ya kuvuta chini na kurudisha juu
kama mtu anayepampu maji ya kisima.
Kitako kimepasuka, kimefungwa waya.
Niliinusa: mafuta ya nazi.
Nani hupaka bunduki mafuta ya nazi?
"Mama," alisema. "Kila Jumapili,
akishamaliza nywele zetu."

Wiki tatu.
Kitako kipya nilikichonga kwa mninga
uliobaki kwenye kitanda cha mtu aliyeghairi kuoa.
Wenzo niliuvika ngozi, usigonge chuma,
ngozi ya kiatu cha shule cha binti yangu Siwema
kilichombana tangu darasa la sita.
Kizuia sauti kilipita kwa wakubwa,
kikarudi na namba yake na karatasi yake;
kazi yangu ilikuwa kukilinganisha na mtutu,
na hapo unywele mmoja ukipinda, ni aibu.
Risasi alichagua nzito, za mwendo wa pole,
zisizotaka kushindana mbio na sauti yao wenyewe.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia.

Miaka thelathini na moja najaribu bunduki za watu.
Sikio la kushoto liliondoka siku moja, bila kuaga.
La kulia limebakiza vitu vya chini:
lori, ngoma, mlango wa bati.
Adhana naiona
kwa watu wanaoinuka kwenye mabenchi.
Kwangu mimi bunduki zote zilikwisha nyamaza.
Nitajuaje kama hii imenyamaza zaidi?

Jumamosi nikamchukua Siwema mpaka Chanika.
Nikamwambia, wewe ndiye kipimo.
Nilipiga kwenye tuta la udongo, nyuma ya banda.
Bega likanijibu. Mengine sikuyapata.
Yeye akaandika nyuma ya daftari la hesabu:

*kama mtu kafunga kitabu
halafu chuma, kidogo
ganda limedondoka kwenye bati, ting
udongo umesema pu
kuku mmoja ameuliza kitu, hajajibiwa
Baba, kuna filimbi
inatoka puani mwako
unapumua hivyo siku zote*

Nilisoma mara mbili.
Miaka yote hiyo, na mke, na wateja,
na mgonga masufuria,
hakuna aliyenitajia filimbi.

Kunguru saba wakatua juu ya paa la banda.
Nsajigwa akachukua bunduki, akavuta wenzo
taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka,
akalaza shavu kwenye mninga wangu.
Nikaona kidole chake kinakusanya subira.
Nikaona kunguru wa kwanza anakuna bawa, hana habari.
Kifua kikanijaa furaha ya kazi iliyokaa sawa,
nikamwinamia Siwema nimnong'oneze:

IMENYAMAZA?

Paa likabaki tupu.
Mbuzi walikuwa tayari barabarani.
Mama Sekela alitokea na mtoto begani,
mdomo wa mtoto umefunguka wote, mwekundu.
Siwema kajiziba uso kwa daftari, mabega yanamruka.
Nsajigwa aliishusha bunduki, haijatema kitu,
akanilipa hela yangu yote, akaihesabu mara mbili.

Barua ya mjumbe ilifika Gerezani Jumatatu.
Safari hii ilikuwa na jina langu.