Kofia Kwenye Friza

Nondo walianza na Mwarmenia.
Nilipoishika ile kofia nyeusi ya kasisi wao,
yenye ncha kama paa la kanisa,
ncha ikabaki kidoleni, unga mkavu,
na kitu chepesi cha rangi ya vumbi kikarukia taa.

Nikampigia baba hospitali.
"Friza," akasema, kabla hata ya salamu.
"Mfuko wa nailoni, toa hewa, wiki mbili.
Sufu huvumilia baridi, nondo hawezi."
Akakohoa kwa muda mrefu.
"Lakini toa kwanza soseji."

Soseji zilikuwa kilo tisa, za nguruwe wa Krismasi,
alizotuletea shangazi Stoyanka kutoka kijijini.
"Kuna kilemba cha Imamu Yumer hapo.
Kuna kofia ya mzee Alfandari.
Hawa watu waliniamini."

Basi nikakaanga. Siku sita jengo zima,
kuanzia mlinzi wa chini hadi mwanafunzi wa udaktari wa meno,
lilikula nguruwe
kwa heshima ya wasiomla.
Kisha nikaifuta friza kwa siki, mara mbili.

Baba alikuwa dobi. Miaka ishirini na tisa
hapa Plovdiv, mvuke ukimpanda machoni.
Enzi za Chama kofia hizi hazikupitia mlango wa mbele.
Zililetwa uani, jioni,
zimefungwa kwa gazeti la Chama lenyewe,
na kwenye risiti aliandika: koti la mtoto.
Wengine hawakurudi kuzichukua.
Mmoja alihamishwa usiku, mmoja akahamia Jaffa.
Sista Veneranda alikufa Jumanne,
ushungi wake ungali na joto la pasi.

Mimi nasema hakukusanya. Alisubiri,
mpaka kusubiri kukawa na rafu, na namba, na daftari.
Baadaye ndipo watu walipoanza kumletea:
mjane wa padri, kofia ndefu ya mumewe kama chungu kilichopinduliwa;
fundi viatu wa Deliorman, kofia ya dervishi
yenye pande kumi na mbili
(nilizihesabu mara tatu, mara moja zikawa kumi na moja).
Mama alizoea kusema:
"Wenzangu wana waume. Mimi nina kabati."

Hakuivaa hata moja.
Nilipokuwa na miaka saba alinikuta mbele ya kioo
na kofia ya Kikatoliki yenye kishada, imenifika puani.
Hakunipiga. Aliniondolea taratibu,
kisha akaenda kunawa mikono, sijui kwa nini.
Mtu ambaye katika maisha yake
hakumvika mtu yeyote kilemba cha ukoka,
kilemba cha kweli alikifunga upya kila mwaka,
pini midomoni, akihesabu mikunjo
kama alivyoonyeshwa na mwenyewe.

Siku ya kumi na nne alirudi nyumbani.
Kama akili ni nywele, zake
alizisahau kwenye mto wa wodi namba tano.
Tukazitoa kofia, tukazitandaza mezani juu ya taulo,
nazo, zikipata joto, zikaanza kutoka jasho.
Zikanuka. Si ubani tu:
vitunguu, mafuta ya nywele, tumbaku
ambayo mtu fulani aliwaambia waumini ameiacha.

Upepo ulipita chini ya mlango.
Nikaona mkono wake ukipanda, ukifunika upara.
"Vaa hata moja, baba. Nani atajua?"
"Zina wenyewe."

Akatazama huku na huko jikoni.
Akalivua birika kifuniko chake cha sufu,
kile chekundu alichofuma mama,
akakivaa. Sikio la kushoto
likachungulia kwenye tundu la mdomo wa birika.

Sikucheka. Nilijaribu.
Akavuta daftari, akalamba penseli.
*52. Sufu, nyekundu. Imetoboka kando.
Mwenyewe: Krastyo Vezirov.
Dini:*
Chai ikawa inapoa. Akafikiri sana, halafu akaandika
*bado.*