Ukuta Mwembamba, Coventry

Jumanne, saa mbili na nusu usiku, mama haulizwi kitu.
Kiingereza chake ni cha kuokoteza dukani,
lakini yule daktari wa tamthilia alimshtukia zamani:
"Mwanamume anayenawa mikono vile ana la kuficha."

Leo kaichoma barua. Mkewe kalala chumba cha juu.
"Amka, we mwanamke!"
mama anafoka, soksi moja mguuni,
na ng'ambo ya ukuta Bi Noreen,
ambaye miaka sita tumesalimiana kwa kidevu tu,
anapiga yowe lile lile.

Asubuhi, kwenye mapipa ya taka, barafu chini ya ndara,
Noreen anatikisa kichwa: "Daktari yule!"
"Mbwa," mama anajibu, kwa Kiswahili.

"Kabisa," anasema Noreen, kwa cha kwao.