Kushusha Pindo

Alikuja Jumanne, duka nimelifungua nusu,
gauni jekundu amelikunja ndani ya mfuko wa unga.
"Bi Rukia, liongeze mikono.
Pindo lishuke hadi vifundoni.
Na hivi vinavyometameta, vitoe vyote."

Vyote! Mimi ndiye niliyevishona,
kimoja kimoja, stima ikipotea nashona kwa kupapasa,
ili Sintia Dolche akipanda jukwaani pale hotelini
Wataliano waache tambi zipoe.

Jina hilo halipo tena. Bango la Muyeye,
lililobandikwa juu ya tangazo la kasino, linasema:
Dada Nyevu Kazungu. Mkesha wa Sifa.
Njoo na mgonjwa wako.

Nikamuuliza, mkasi mkononi, kumetokea nini?
Nilitarajia ndoto, ajali, sauti ya usiku.
Akacheka. "Hata wao wananiuliza.
Mchungaji anataka ushuhuda mzito:
wanaume, pombe, mashetani.
Nami nilikuwa naimba tu, Bi Rukia,
saa nne hadi saa nane,
kisha narudi nyumbani viatu mkononi,
nalipa karo ya Mbodze na Charo.
Usiku mmoja nilishika wimbo wa mapenzi,
meza saba, hakuna aliyeinua uso.
Nikajikuta namwimbia mwingine,
aliyekuwepo siku zote, hajaagiza kitu.
Basi. Ukiisimulia haifiki dakika mbili."

Sikumjibu. Dini yangu ni nyingine,
na wembe ulikuwa kwenye uzi.
Viling'oka, vikatapakaa sakafuni
kama magamba ya changu.

Hotelini alilipwa elfu tatu na sahani ya chakula.
Kanisani hulipwa sabuni, kuku, amina.
Na fedha yangu ya mikono ile miwili
mpaka leo naiombea.

Jumapili, upepo ukitokea upande wa Muyeye,
naisikia sauti juu ya mabati:
ile ile. Anavyoivuta silabi ya mwisho,
anavyoikata kabla hujashiba,
ndivyo alivyowakatia Wataliano.
Gauni nimeliweza. Koo halina pindo.

Kimoja nilikiacha, sikumwambia,
ndani ya mkunjo, upande wa kushoto.
Hakionekani, labda akipiga magoti,
na akipiga magoti
wote huwa wamefumba macho.