Mshika Fito

Nilikuwa mshika fito. Kazi ndogo,
lakini bila mimi mhandisi Kisamo na darubini yake ya miguu mitatu
angeona nyasi tu.
Nasimama. Nashika. Nanyamaza.
Yeye kule mbali anafumba jicho moja, ananyanyua mkono,
karani anaandika: moja nukta nne tatu.
Tunasogea hatua thelathini.
Moja nukta nne tatu.
Mbuga ya Bahi ni tambarare hivyo:
ukimwaga chai, inasimama kwanza, inafikiri iende wapi.

Siku ya tatu, kando ya majaruba ya Ndalu Mbeleje,
namba ikabadilika. Moja nukta nne saba.
"Hapa ndipo pa chini," Kisamo akasema,
akapigilia kigingi chenye utepe mwekundu.
Sentimita nne, pungufu ya kidole gumba.
Pakajengwa kalavati, mdomo wa zege,
na tuta likainuka huku na huku
hadi lisione mwisho wake.

Sisemi treni ni mbaya.
Nilimpeleka Perisi Muhimbili kupimwa moyo,
safari iliyokuwa ya kutwa nzima
ikaisha chapati zetu zikiwa bado na joto.
Nililia kidogo dirishani. Nilijua kila kigingi.

Ila maji ya mbugani hayapangi foleni.
Yanakuja usiku, mapana, kina cha kifundo cha mguu,
yanapapasa
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Januari yakafika kwenye tuta, yakapapasa, yakasimama
hatua mia tatu kutoka kwenye kalavati
ambalo lilikuwa juu yao kidogo, kavu,
popo wamelala ndani.

Upande wa juu migunga ilizama magoti ikaanza kupukutisha majani.
Upande wa chini mpunga wa Ndalu
uligeuka njano kabla ya kuchanua.
Kambale walikuja na maji kama kila mwaka,
wakagonga kokoto za tuta kwa vichwa,
watoto wakawazoa kwa madumu yaliyokatwa.
Wiki mbili tulikula samaki, tukaisifu reli.
Mwaka uliofuata hatukumwona hata mmoja.

Nilimpigia Kisamo. Yuko Kigoma siku hizi, kazi nyingine.
Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja:
"Masinga, fito uliishika wima?"

Fito ikiinama kushoto au kulia, darubini inaona.
Ikiinama mbele au nyuma, haioni kitu;
inasoma namba kubwa,
na ardhi inaandikwa chini kuliko ilivyo.
Na mimi, siku ya tatu, mkono wa kushoto ulikuwa juu,
na simu, ukitafuta mtandao,
kwa kuwa shemeji aliahidi kutuma elfu ishirini.
Mkono wa kulia ulibaki na fito.
Au haikuwa siku ya tatu.
Au kilikuwa kigingi kingine, na kosa ni la karani, la upepo,
la mtu wa ofisini ambaye hajawahi kulowa.
Elfu ishirini zilifika. Hilo nalikumbuka vizuri.

Nilimweleza Ndalu yote. Alikuwa anapeta uwele,
hakuacha kupeta.
"Nilipowaletea uji mliniuliza jina,
mliandike kwenye fidia.
Maji yanapita wapi, hamkuniuliza."
Akapuliza makapi. Akaniambia nisogee, nimemzibia upepo.

Sasa nina fito yangu, ya mti wa mkole,
nimeitia alama kwa makaa na rangi ya kucha ya Perisi.
Kila Januari nasimama upande huu wa tuta, kisha ule,
naandika kwenye daftari la shule.
Juu, sentimita thelathini na nane.
Chini, vumbi.
Nimefunga jiwe kwa uzi, linaning'inia kando ya fito
linichunge nisiinamishe.
Treni ikipita, jiwe linayumba.
Nasubiri litulie
ndipo nisome.