Potica Imeungua

Fundi alikuja Jumanne, ngazi begani,
akapitisha ukutani uzi wa kioo mwembamba kama unywele wa mtoto,
akachukua saini yangu, akaniachia ruta mpya,
nyeupe, imesimama wima kama padri anayesubiri sadaka.
Ya zamani akailaza juu ya gazeti.
"Tupa," akasema.

Neno jepesi hilo, kwa mtu wa miaka ishirini na minne.

Niliipindua. Vumbi la miaka tisa,
manyoya ya paka, tone la nta,
na kipande cha karatasi chenye nywila, mwandiko wa Ljudmila,
herufi zimelalia upande mmoja
kama nyasi baada ya mvua.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Murka.
Miaka yote alilala juu ya ile ya zamani,
tumbo kwenye vitundu vya joto, mkia juu ya taa za kijani;
tulijua mtandao upo kwa kuuona mkia ukimemeta.
Hii mpya haina mgongo wa kulalia.
Kajaribu mara mbili, kaanguka mara mbili,
sasa ananitazama kama mtu aliyesaini bila kusoma.
Na kweli sikusoma.

Tilen, mjukuu wa jirani, akaja na kompyuta yake.
Inaweza kugawa waya, akasema, televisheni huku, printa kule.
Inaweza kubeba diski, ikutunzie picha.
Inaweza kuwa mlango wa wageni, wasiingie chumbani kwako.
Nikasema inaweza pia kuzuia dirisha la bafuni
lisijibamize kwa upepo.
Hakucheka.

Kisha akauliza kuhusu goti langu.

Banda la nyuki liko mita sitini kutoka jikoni.
Chini ya mzinga wa saba kuna mizani,
na kila usiku wa baridi hutoka na tochi kuisoma,
maana uzito ukishuka ghafla, njaa imeingia.
Januari niliteleza kwenye barafu,
nikalala chali nikihesabu nyota, hadi mbwa wa jirani alipobweka.

Basi tukachimba. Alichimba yeye, mimi nilishika kikombe cha chai.
Waya tukaupitisha ndani ya mpira wa kumwagilia uliotoboka,
nao nilikuwa nimeambiwa niutupe.
Ruta tukaitundika bandani, juu ya rafu ya fremu tupu.
"Lazima hii iache kugawa anwani," Tilen akasema.
"Zikigawa mbili, nyumba itavurugika."
Fahali wawili, zizi moja, nikamjibu;
akabonyeza, yule mzee akanyamaza, akabaki kupitisha tu.

"Na jina? Tubadilishe?"
Kwenye kioo kuliandikwa: POTICA IMEUNGUA.

Siku ile ya kwanza fundi mwingine aliuliza jikoni,
mtandao wenu tuuite nani,
na Ljudmila, kichwa ndani ya tanuri,
mkate wa jozi umekuwa mkaa kuanzia ukingo hadi kitovu,
akapaza sauti kuniambia mimi, si yeye.
Fundi akaandika alichosikia.
Alicheka hadi akaketi sakafuni na mitende yake ya unga.

Liache, nikasema.

Jumapili nilichukua kishikwambi chake droo ya chini,
nitafute picha moja ya shamba la juu.
Nyumbani kilikataa, hakiijui nyumba hii mpya.
Nikakipeleka bandani nikiwa sina hakika ya chochote.
Hakikuuliza nywila. Kikaingia chenyewe,
kama mtu aliyerudi na ufunguo wake mfukoni:
Ljudmila, programu kumi na saba zinakusubiri.

Nikasimama pale kidogo. Zisubiri.

Murka hakurudi kula jana.
Nilimkuta kwenye rafu, amejikunja juu ya joto lake,
mkia ukimemeta, kijani, giza, kijani.

Sasa nasoma nikiwa kitandani, goti juu ya mto.
Mzinga wa saba: kilo thelathini na moja nukta nne.
Jana ilikuwa nukta sita.
Wanakula, basi. Wapo.